Mtu wa Kuanguka

Mtaa wote wa Matisi ulimcheka Wekoye mwaka ule wa 2009. Mtu mzima, golikipa wa zamani, baba wa watoto, anaoga asubuhi na kuchana nywele, halafu anaenda mjini Kitale kuanguka! Lakini ndiyo kazi aliyopata. Watafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Nairobi walikodi chumba karibu na soko, wakatandika magodoro, wakamfunga kiunoni kidude cha ukubwa wa kiberiti, wakamwambia aanguke. Kidude kilikuwa kinafundishwa kutambua kama mtu anatembea, ameketi, amelala au ameanguka, ili mzee anayeishi peke yake akipatwa na jambo, jamaa zake wajulishwe kwa simu. Wazee wenyewe huwezi kuwaangusha ili kompyuta ijifunze. Ikabidi atafutwe mtu mwenye mifupa migumu.

Alianguka kwa mgongo, kwa ubavu, kifudifudi. "Hapo sawa, rudia," Gathoni, mtafiti aliyeketi kwenye kompyuta, alikuwa akimwambia. Wekoye naye akavimba kichwa. "Hakuna mtu ataanguka hii Kenya hiyo kitu isimjue," alijigamba. Vidude vilipokuwa tayari kujaribiwa, aliomba kimoja, akampelekea mamake aliyeishi peke yake nje kidogo ya Bungoma.

"Mayi, hii utavaa kila siku," alisema akimfunga.

"Hata nikienda kwa choo?"

"Huko ndiyo zaidi."

Mama alicheka mpaka akashika meza.

Simu ya kupokea habari ilipewa Sellah, dada yake Wekoye, mshonaji mwenye kibanda Bungoma mjini. Kwenye skrini palikuwa na mchoro wa mama mzee. Mama akitembea, mchoro ulitembea. Akiketi, uliketi kwenye kigoda, rangi ya kijani. Akianguka, ungegeuka mwekundu na simu ingelia. Sellah aliipenda mno simu hiyo. Aliiegemeza kwenye cherehani na kuisemesha kana kwamba mama alikuwa humo ndani.

Siku ya mkasa, Wekoye alimpigia Sellah simu mchana kumjulia mama hali.

"Ameketi tu, ako sawa," Sellah alimjibu. Mchoro ulikuwa kijani, umetulia kwenye kigoda chake.

Jioni Sellah alipompelekea mama sukari, alimkuta chini jikoni, ubavu ukutani, mwili umeshapoa. Bega la sweta lilikuwa jeupe kwa chokaa. Mama hakuwa ameanguka kwa kishindo. Magoti yalimwishia nguvu, akashika ukuta, akateremka nao taratibu mpaka chini, na kidude kikaona mtu anayeketi. Daktari alisema hakufa mara moja.

Hakuna aliyemlaumu Wekoye, na hilo lilimuumiza zaidi. Yeye ndiye aliyekifundisha kidude kile. Alikifundisha maanguko ya mwanamume mwenye nguvu, anayejirusha akijua godoro linamngoja. Baada ya mazishi hakupata amani tena. Alikuwa akisikia sweta ikikwaruza ukuta hata akiwa barabarani. Mkewe akiketi kuchambua mboga, Wekoye alishtuka na kumwita jina mpaka aitikie.

Matanga yalipokwisha, Gathoni alikuja Matisi. Wekoye alimfukuza.

"Kuna wazee wengine wamevaa hivi vidude," Gathoni alisema akiwa mlangoni. "Sijui nimtafute nani mwingine."

Kesho yake Wekoye akaenda, moyo mzito. Safari hii magodoro yalikuwa yameondolewa. Gathoni alimfunga kidude kilekile cha mama, kwa kuwa ndicho kilichokosea. Wekoye akaegemea ukuta, akateremka. Kompyuta ikasema ameketi. Akarudia. Ameketi. Akarudia tena, akaitukana kompyuta na mama yake aliyeizaa. Ameketi.

"Usijishike, Wekoye," Gathoni alisema kwa upole. "Wacha magoti yaishe yenyewe."

Akafumba macho. Akamwona mamake jikoni, mkono ukitafuta mahali pa kushika. Magoti yakamwisha kweli, bega likakwaruza ukuta, akafika chini na kubaki hapo bila kujitikisa. Kompyuta ikalia. Skrini ikawa nyekundu.

"Imeshika!" Gathoni alipiga makofi, kisha akajirudi, akaacha.

Wekoye alikuwa bado sakafuni simu yake ilipoita mfukoni. Alikuwa Sellah, akipiga kelele juu ya mngurumo wa pikipiki. Katika msiba ule wote, hakuna aliyekumbuka kuitenganisha simu yake na kidude cha mama.

"Wekoye, simu imelia! Inasema Mayi ameanguka! Nimefunga kibanda nikapanda boda, nikamwambia akimbize. Tumefika hapa Kanduyi ndio nimekumbuka."

Wekoye alipapasa kiunoni, akakifungua kidude.

"Huyu mtu wa boda anauliza tunaenda wapi," Sellah alisema huku akilia. "Nimwambie nini?"