Globu ya Bibi na Taa Yangu ya Miaka Kumi

Niseme mapema kwamba katika kisa hiki nilidanganya mara nne, na sijutii hata moja. Anayetaka kunihukumu aanze na bibi yangu mzaa mama, ambaye ana miaka themanini na tatu na bado ananizidi ujanja.

Bibi anaishi peke yake juu milimani Uluguru, kwenye shamba la ukoo wake, na karoti zake na migomba yake. Masika ya mwaka juzi alijikwaa njiani akaumia goti. Mama yangu, anayeishi Kilakala, chini mjini, akamwandalia chumba: kitanda, chandarua, pazia jipya. Bibi akagoma kushuka. Nikatumwa mimi, kwa sababu mimi ni mume wake. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu, na nyumbani walidhani mume husikilizwa.

Hawakumjua mke wangu.

Nilipanda na zawadi, taa ya LED niliyoinunua kando ya barabara Mwembesongo. Boksi lake lilitamba kwamba itawaka miaka kumi. Chumbani kwa Bibi ilining'inia globu ya zamani, ile yenye waya ndani, na kila mwezi alilalamika kwamba uniti za umeme zinakwisha upesi. Nikamweleza kwamba globu yake moja inakula umeme wa taa sita kama yangu, na kwamba itaungua wakati yangu haijaanza hata kuchoka.

"Yako inaangaza tu," akasema, viganja amevielekeza kwenye globu. "Yangu naiota. Huku kuna baridi, mume wangu, siyo kama kwenu."

Tulibishana mpaka yeye mwenyewe akapendekeza tuwekeane dau. Yangu ifungwe sebuleni, yake ibaki chumbani. Ziwashwe pamoja jioni, zizimwe pamoja akienda kulala. Yake ikitangulia kufa, atashuka Kilakala bila neno. Yangu ikitangulia, asisikie tena habari ya chumba wala pazia. Tukaapa mbele ya picha ya Bikira Maria iliyo ukutani kwake. Mama alipopata habari alifurahi sana, akaenda kununua na blanketi.

Taa ya miaka kumi iliishi wiki saba. Jumamosi moja nilipanda, nikaiwasha kuijaribu, nikaikuta inapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga. Bahati nzuri Bibi alikuwa shambani anachuma majani ya maboga, na mimi nilikuwa na ya akiba kwenye begi, maana pale barabarani huuzwa mbili mbili. Nikabadilisha haraka. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya goti lake. Ya pili ilipoanza kupepesa nikafanya vilevile, na ya tatu pia.

Globu ya Bibi haikutetereka. Ila mara mbili niliikuta picha ya Bikira Maria imegeuzwa, inatazama ukuta. Nilipouliza, Bibi alisema alikuwa anafuta vumbi.

Kisha siku moja akaniomba gunia la kutilia karoti. Nikalitafuta mpaka chini ya kitanda chake, nikakutana na boksi. Ndani mlikuwa na globu tatu zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nikaitikisa ya kwanza sikioni: waya unacheza, imekufa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa kimya, nzima.

Nikatoka nazo uani. "Bibi, hizi nini?"

"Za babu yako," akajibu bila hata kupepesa. "Alizinunua umeme ulipofika. Alihofu zitakwisha dukani."

"Na picha uliigeuza ili Bikira Maria asione?"

"Ulitaka aone?"

"Lakini tuliapa!"

"Tuliapa, ndiyo. Na ile taa yako ya kwanza niliichora msalaba kwa kisu, ulipokwenda kuniletea stuli. Msalaba wangu uko wapi?"

Nikaziweka globu chini taratibu.

"Umebadilisha ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Mimi mbili. Sasa mwongo nani?"

Tulicheka mpaka akashika goti. Halafu akaichukua ile nzima, akaifunga tena polepole kwenye jani lake.

"Hii ndiyo ya mwisho. Ikifa nitashuka, kwa sababu nimeapa." Akaitazama njia ya kushukia. "Huku najua kila jiwe, hata lile lililoniangusha. Kule nitakuwa mgeni mpaka nife. Naogopa, mjukuu wangu."

Hakuwahi kuniita mjukuu. Nililia njia nzima ya kushuka, na nilikuwa na karoti mgongoni.

Wiki hiyo nilizunguka maduka yote ya vifaa vya umeme Mwembesongo. Vijana walinicheka: "Braza, nani anatumia hizo siku hizi?" Mwishowe nikampata mzee mwenye globu saba kwenye rafu ya juu, zimejaa vumbi.

"Unafuga vifaranga?" akaniuliza, maana siku hizi wengi huzinunua kwa kuwapa vifaranga joto.

"Ninacho kimoja tu, mzee wangu. Kina miaka themanini na tatu."

Akanitazama kwa huruma, akanipunguzia bei. Nikanunua zote saba, nikazifunga kwa majani ya mgomba na kuzisukuma chini ya kitanda cha Bibi. Nililing'oa na lile jiwe la njiani, na Bibi akanilalamikia wiki nzima kwamba nimemharibia njia.

Jumapili nilikwenda Kilakala kutoa taarifa. Mama alikuwa jikoni, akaniuliza kutoka hukohuko kama globu ya mama yake imeungua. Sebuleni kwake ipo picha kama ile ya Bibi. Niliigeuza kwanza, ndipo nikamjibu kwamba ya Bibi ni ile ile na bado inawaka, yangu ndiyo imekufa.