Kavetsa na Seveve za Sarang'ombe

Mbegu ilitoka kwangu, na hilo nataka lijulikane kabla sijasema lingine. Niliitoa Kitui ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, mbegu ya yale malenge makubwa ambayo mama yangu alikuwa akiyakalia kama kiti akipukuchua mahindi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na niliyoyaona tangu wakati huo sijayasahau.

Kibanda changu cha mboga kiko Kawangware 56, hapa Nairobi. Kavetsa alikuwa akipita hapo akitoka kufua nguo za watu mtaa wa Satellite, kabla ya kurudi kwake Sarang'ombe, kule Kibera. Ni Mmaragoli, mama mnene wa kucheka, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni cha kuibwa. Mtoto wake wa kwanza ni Elvis, kwa hivyo sisi tunamwita Mama Elvis. Alikulia shambani, mikono yake inajua udongo, lakini Nairobi ilimpa chumba kimoja cha mabati na ujia wa kupitia.

Jambo lililomuuma lilikuwa Jumapili ya mavuno. Kanisani kwao kila mtu hupeleka alichovuna, na mwaka mmoja Kavetsa akapeleka pakiti ya unga. Immaculate, mwenyekiti wa kina mama, akaiinua watu waione.

"Mama Elvis, kumbe siku hizi unalima supamaketi?"

Watu walicheka, na yeye akacheka. Lakini alipofika kwangu alikuwa akifuta macho kwa leso. "Mama Nzuki," akaniambia, "mimi binti wa mkulima nimempelekea Mungu mavuno yaliyobandikwa bei. Na nimeshasema mbele ya wote kwamba mwaka ujao naleta boga la kubebwa na wanaume wawili."

"Utalilimia wapi, juu ya kitanda?"

"Wewe nipe mbegu."

Nikampa, na maneno pia nikampa. Boga ni majani. Jani ndilo jiko linalopikia boga chakula, na jiko likiwa dogo, hata boga litalala njaa. Kavetsa akachimba shimo kando ya bafu la ploti, lile la wapangaji wote, akajaza samadi ya mbuzi, jivu na maganda ya viazi. Alimwagilia shinani asubuhi, kamwe si juu ya majani, kwa sababu jani likilala na maji huota ukungu. Yakaja majani ya kutosha kufunika sufuria, kisha mapana kama sinia. Mtoto mchanga angelala chini yake wakati wa mvua asilowe.

Basi majirani wakaanza kuja. "Mama Elvis, nisaidie na seveve kidogo." Seveve ndiyo hayo majani ya malenge, na ukiyapika na maziwa, ugali huisha kabla ya mboga. Kwao Kavetsa, jirani hanyimwi mboga. Nyama unaweza kuificha, mboga huwezi. Kwa hivyo aliwaambia wachume, nao wakachuma mpaka mmea ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Boga la kwanza lilikuwa kama ngumi lilipogeuka manjano na kuanguka.

Nilienda kujionea. "Weka seng'enge," nikamwambia.

"Nikiweka seng'enge, watasema mama yangu alinifunza nini?"

"Basi ngoja Immaculate akufunze."

Akaokota lile boga lililoanguka, akaligeuzageuza. Halafu akaniuliza, "Mtu akichuma mboga ya shamba lake mwenyewe, huchuma vipi?"

"Polepole. Na roho ikimuuma."

Akaziba mdomo, akacheka. Nikajua amepata kitu.

Malenge yana tabia hii: pale unapofukia kifundo cha tawi, patatoka mizizi mipya. Mmea ulipochipuka tena, Kavetsa akaliacha tawi litambae ujia mzima, na mbele ya kila mlango akaweka gunia la udongo na kufukia kifundo ndani yake. Kisha akabisha hodi nyumba kwa nyumba. "Majani ya hapa ni yako. Umwagilie shinani asubuhi, na maji ya sabuni usimwage hapa."

Obonyo, fundi wa kuchomelea mageti, alikataa kabisa. "Mathe, mimi ni fundi. Hii kitu ya mboga tafutia mtu mwingine."

"Wewe usipoitaka, jirani yako atachuma ya mlangoni kwako."

Akaingia ndani. Lakini jioni moja ploti nzima ilimsikia: "Nani amegusa jani yangu?" Tangu siku hiyo alikuwa akikagua majani yake kabla ya kufungua kufuli. Aliyachomelea hata fremu ya vyuma ili yasigusane na mabati ya moto.

Walikosana mara moja tu, ukungu mweupe ulipotua kwenye jani lake kubwa kuliko yote. Kavetsa alikuja na kisu.

"Hiyo ni vumbi ya grainda ya kusaga vyuma," Obonyo akasema, akasimama mbele ya jani.

"Basi pangusa."

Akapangusa. Kesho yake weupe ulikuwa umerudi. Akajifanya anatafuta koleo ndani ya nyumba, Kavetsa akakata jani na kulipeleka mbali na mmea.

Na boga, katika milango yote ile, likaamua kukaa kwa Obonyo. Alipoliona mara ya kwanza alinyoosha kidole, Kavetsa akampiga mkono. "Kunja. Boga changa halionyeshwi kidole, litaoza." Fundi mzima akawa anawaonyesha wageni kwa kidevu. Mwishowe boga lilijaa mlangoni, akawa akiingia nyumbani kwake kiupande.

Jumapili ya mavuno wanaume wawili walishindwa kuliinua, akaitwa wa tatu. Lilifika kanisani kwa mkokoteni. Immaculate akalizunguka.

"Hii umenunua wapi, Mama Elvis?"

Kabla Kavetsa hajafungua mdomo, Obonyo, ambaye kanisani huwa haonekani, akasema, "Imenunuliwa mlangoni kwangu, mama. Kuja uone majani."

Baada ya ibada Immaculate alikuja, kwa hakika akitafuta uongo. Alipita ule ujia majani yakimgusa mabega, akafika mwisho, akarudi. "Haki umelima," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Si unisaidie na seveve kidogo ya jioni."

Kila mtu wa ujia akasogea karibu na majani yake.

"Chuma, mama," Kavetsa akasema. "Boga limevunwa, sasa majani ni ya kuliwa. Chuma yale machanga, watu wote wachume."

"Aanzie kule mwisho," Obonyo akasema.

"Mbona huku?" akajibu mama wa chumba cha mwisho. "Si boga lilikuwa lako?"

Kila mtu akawa anaelekeza mlango wa mwenzake. Kavetsa akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitetemeka, akaenda kumchumia Immaculate fungu zuri kutoka mlangoni kwake mwenyewe.

Mimi pia nilikuwa nimekuja kuliona boga, nikachuma kwa Obonyo, akiniangalia. Mwenye mbegu haombi.