Chupa za Mstari wa Chini

Baba yangu ni mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na hasifii mtu. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," hunijibu kila nikimchokoza anisifu. Kwa miaka miwili nimeutafutia sifa yake mvinyo wangu wa povu, ule unaotengenezwa kama shampeni, na mwaka huu niliapa nitaipata.

Kazi hii niliijulia Dodoma, nilikokuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Huko zabibu wanazo, baridi hawana. Sisi Njombe baridi tunayo mpaka ya kugawa! Basi naagiza mvinyo mchanga, unashushwa Makambako kwenye mapipa, naupandisha nyumbani. Natia sukari kidogo na hamira, najaza kwenye chupa nzito nilizookota kwenye kumbi za harusi, nakaza vizibo vya bati, nazilaza kwa mistari kwenye rafu za ghala letu la zamani la viazi. Humo hamira inaila sukari polepole, gesi inakosa pa kutokea, inabaki ndani ya mvinyo. Ukikaa miaka miwili juu ya mashapo ya hamira hiyo, mvinyo unanukia mkate. Nilikuwa naingia ghalani hata bila kazi, nazishikashika tu. Raha yake acha kabisa.

Mwezi wa saba, wiki chache kabla ya kuanza kufungua, chupa moja ilipasuka. Kishindo kilifika mpaka jikoni. Mimi nilicheka, nikafagia vioo, kesho yake nikaenda Makambako kupokea pipa jipya.

Niliporudi nilimkuta Baba amekaa mlangoni mwa ghala, kifungulio cha soda mkononi, uso umemnawiri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuokoa. Nimezilegeza chupa zako."

Niliingia mbio. Chupa zilikuwa zimesimama kama soda dukani, kila kizibo kimeinuliwa upande mmoja. Huku kwetu dumu la ulanzi halikazwi kifuniko. Ukilikaza linavimba mpaka linapasuka, na hilo hata mtoto analijua. Baba alisikia kile kishindo, akawaza vioo usoni mwangu, akafanya anachokijua.

Nilionja moja. Mvinyo ulikuwa umekufa. Nilikasirika, sifichi, nikapaza sauti isiyofaa kwa mzazi: "Baba, hiyo gesi ndiyo niliyoingojea miaka miwili!"

Alikitazama kifungulio, akakitia mfukoni. Kisha akasema taratibu, "Mstari wa chini sikuufikia. Magoti haya."

Nikajitupa chini kwenye vumbi. Chupa kumi na mbili, zimelala, hazijaguswa! Nilizihesabu mara tatu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilizipanga kwenye ubao wenye matundu, vichwa chini, na kila siku nikazizungusha kidogo ili mashapo yatelemke shingoni. Baba alikuwa anasimama nyuma yangu, anatazama. Baada ya wiki kadhaa yalitua yote, mvinyo ukang'aa juu yake.

Asubuhi ya kufungua nilimwambia akae mbali, akakataa. Nikang'oa kizibo. Pu! Mashapo yakaruka mpaka kwenye koti lake, povu likafuata, nikaziba kwa kidole gumba huku napiga kelele. Nikammiminia kwenye kopo lake la ulanzi. Vijipovu vilipanda bila kuchoka.

Akanywa. Akafumba macho, akanywa tena mpaka kopo likaisha. Mimi nimesimama, chupa mkononi, nangoja kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Sikusifii," akasema.

Akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti lililolowa, akatoa kile kifungulio cha soda, akakiweka kiganjani mwangu.

"Hizo zilizobaki mtu asiziguse. Hata mimi."