Wino wa Mfagiaji

Mama yangu mdogo hakuandika neno kwa wino katika kitabu cha ukoo mpaka apate mashahidi wawili. La shahidi mmoja aliliandika kwa penseli, hata kama shahidi huyo ni mama yake mzazi.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Vidole vyake vilinuka gundi mwaka mzima, na kitabu chetu alikishona kwa mkono wake, jalada jekundu, kurasa mia mbili. Miaka sita alipekua masjala, makaburi na masanduku ya wajane. Ukurasa wa babu yake ndio uliokaa na penseli muda mrefu kuliko zote: "Stesheni masta."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Picha ilitundikwa sebuleni kwa mjomba, kaka yake mkubwa: mzee kavaa kofia ya kazi yenye ukingo unaong'aa, kidevu juu. Hakuna harusi ambayo mjomba hakukitaja cheo hicho. Alikuwa ameshaagiza jiwe jipya la kaburi lichongwe hivyo hivyo.

Kisha stesheni ya reli ikaleta karakanani madaftari ya zamani yajalidiwe upya. Mama mdogo akamkuta babu yake kwenye daftari la mahudhurio. Kazi: mfagiaji. Miaka thelathini na mmoja, hakukosa hata siku moja. Miaka minane ya kwanza alitia dole gumba. Mwaka wa tisa, mahali pa dole, palikuwa na sahihi yenye herufi zilizolala upande kama zimechoka. Mtu mzima yule alikuwa amejifunza kuandika.

Huyo shahidi mmoja. Wa pili, mama mdogo alimfuata nyumbani kwake: shangazi yake, kitinda mimba wa mfagiaji, aliyekwisha kupita miaka tisini.

"Kofia?" Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Aliazima kwa mkubwa wake, mwanangu! Ilimpwaya, akajaza magazeti ndani isimfunike macho."

Jumapili mjomba alipoambiwa, mimi nikiwepo, hakucheka.

"Mdogo wangu, jiwe limeshachongwa. Andika stesheni masta. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, kaka."

"Watu waseme sisi wajukuu wa ufagio?"

"Waseme. Ufagio ule ulimsomesha baba yetu. Na wewe na digrii zako, mwaka huu peke yake umechelewa kazini mara ngapi?"

Mama mdogo akafuta penseli, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika kwa wino: "Mfagiaji wa stesheni. Alijifunza kuandika akiwa kazini." Chini yake akabandika nakala ya ile sahihi. Nimewaona wengi wakijipamba kwa vyeo vya marehemu. Sijaona ukurasa wa ukoo wenye heshima kuliko ule.

Mjomba alichukua funguo zake akaondoka. Jiwe lilisimikwa na uongo wake. Kwa miaka kumi na miwili hakukanyaga nyumbani kwa mama mdogo, na siku tulipomzika huyo dada yake, hakuja.