Koa kwa Yai Moja

Kisa chote kilitugharimu vikombe viwili vya chumvi ya Katwe. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi, na mimi huhesabu kila kitu mara mbili.

Hadi leo, nikisikia harufu ya mgomba uliopasuliwa ukalowa mvua, narudi nyuma ya nyumba yetu Bwera, kwenye kitalu cha kabichi cha mama. Mwaka ule koa walikivamia. Koa mnamjua: konokono aliyeuza nyumba. Jua likiwaka hujificha penye unyevu. Mvua ikinyesha hutoka akatafuna miche hadi shina. Kitalu kingeisha, mama asingekuwa na cha kupanda wala cha kuuza sokoni Mpondwe msimu ule.

Alikizungushia chumvi. Koa wakatoa povu, wakanywea, tukashangilia. Kisha mvua ikaisomba chumvi ile hadi kwenye miche, safu mbili zikakauka. Basi mama akalaza vigogo vya mgomba ili koa wajikusanye chini yake, akaniambia niwaokote. Nilikataa. Ute wao ukiuosha kwa maji ndiyo kwanza unazidi kunata.

Kesho yake jirani yetu Mama Akello, mke wa askari wa kambini, akaniita.

"Wewe mutoto, bata yangu iko na njaa. Leta koa."

"Utanipa nini?"

"Kopo moja, yai moja."

"Mayai mawili."

"Ee! Umekuwa afande? Yai moja, na kopo ijae!"

Nilikubali, nikijiona mjanja. Kila asubuhi niligeuza vigogo. Nikamzoea koa: macho kwenye ncha za pembe, tundu la kupumulia ubavuni kulia, mayai yake udongoni kama matone ya maji. Bata, mkubwa mwenye uso mwekundu, aliwameza wote. Yai langu mama alinichemshia, akinisifu kwa biashara. Kitalu kikapona.

Ukubwani nilisoma kwamba kila koa ni dume na jike kwa pamoja, na kila mmoja hutaga. Nilipokutana na Mama Akello mjini Kasese nikamsimulia. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Koa inataga, sawa. Lakini bata yangu ilikuwa dume! Mayai alinunua mama yako, ananipa nikupe. Alisema akikulipa yeye, utadai mpaka ya kufagia."

Alinijua vizuri, mama. Bado yuko Bwera, hajawahi kutamka neno, na majuzi tu alinisifu mbele ya wageni: "Huyu alianza biashara akiwa na miaka saba." Sasa nishaurini, wenzangu: mayai yale nimrudishieje, asijue kwamba najua?