Siku Niliyovua Shati Mbele ya Mama Mkwe

Mwanangu, kila ukungu ukishuka hapa Malindi yetu ya milimani, siyo ile ya pwani, naikumbuka siku moja, na moyo wangu unaruka kama wa kijana. Sasa mkeo anakaribia kujifungua, nami siwezi kunyamaza.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Dada yako mkubwa alizaliwa hospitalini kabla ya wakati wake, mwili mzima unaenea viganjani. Mama yako akashikwa na homa kali, hata kukaa hawezi. Mtoto wakamlaza kwenye boksi lenye chupa za maji ya moto, lakini baridi yetu unaijua. Chupa zilipoa, na miguu yake ikapoa nazo. Mimi nilikuwa nje na kikapu cha uji, maana wodi ya wazazi mwanamume haingii.

Muuguzi mmoja, Mama Salome, akaja getini. "Kijana, ingia. Vua shati."

Nikadhani ananitania, nikamfuata ndani. Kumbe kando ya kitanda cha mama yako amekaa mama mkwe wangu! Kwetu sisi hata kumtazama mkwe usoni ni haya, sembuse kumwonyesha kifua? Nikabaki nimeshika vifungo. Mama Salome akaniuliza kama hiyo haya yangu itampasha mtoto joto.

Bibi yako akajitanda khanga, akageukia ukuta. "Vua, baba. Mimi nautazama ukuta huu. Mzuri kweli."

Wodi nzima ikacheka. Nikavua. Mtoto akawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga ikatufunga, koti juu. Mwanzoni ni kama nimebeba chura wa mtoni. Tukakaa, tukakaa, mpaka nikasikia vile vidole vya miguu vinapata joto. Mara akalia! Kilio chembamba, lakini mwanangu, ningeweza kucheza ngoma palepale.

"Analilia maziwa?" mama mkwe akauuliza ukuta. Akajibiwa ndiyo. "Basi huyu ni wetu," akasema.

Tangu hapo Mama Salome akawa anawaita akina baba kutoka getini. Walibisha, lakini waliingia. Na dada yako ndiye huyu anayenigombeza leo nisipovaa sweta.

Basi siku ikifika, usiishie getini. Nawa mikono, waulize wauguzi wanakuhitaji wapi, na mtoto akiwa mdogo, mpe kifua chako. Mkweo atajua pa kutazama.

Mungu amfungue mkeo salama, na mjukuu wangu alie kwa nguvu mpaka nimsikie huku mlimani.