Ameua Chui Gani?

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka moja hapa Bukoba mjini, wanakoweka nyimbo kwenye flashi. Mbele yangu mzee wa Kamachumu alitaka nyimbo za kundi la hip hop la vijana wa Muleba, lililotoa albamu moja likavunjika. Alisema mjukuu wake ndiye aliyemtuma.

Mwenye duka akampigia wimbo mmoja. Mzee akafumba macho, mkono ukapanda kana kwamba umeshika mkuki, kama Wahaya wa zamani walipojisifu mbele ya mfalme kwa mambo waliyotenda.

"Anajisifu vizuri huyu. Ameshinda vita gani?"

"Hakuna vita, mzee. Ni hip hop."

"Basi ameua chui?"

"Hapana."

"Sasa kafanya nini?"

"Alirekodi tu."

Mzee akafikiri. "Niwekee hivyo hivyo. Siku akifanya jambo, maneno anayo tayari."

Alipoondoka, mwenye duka akanigeukia. "Ile sauti ni yangu. Sasa kanitukana au kanibariki?"

Nilimwambia amuulize mwingine. Mimi mwenyewe najisifu kwenye safu hii kila wiki, na chui sijawahi kuona hata unyayo wake.